Huna dini, umepata nafasi chuo cha Kikatoliki: ya kukagua kabla hujathibitisha

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, swali linarudi lile lile: mtu asiye na dini anaweza kusoma vyuo vya Kikatoliki kama SAUT, Bugando, CUEA au Nkozi akamaliza salama? Anaweza. Wanaopata taabu huko mara nyingi hawaipati kwenye Misa. Wanaipata kwenye geti la hosteli, kwenye sketi, kwenye somo la maadili walilolidharau, na kwenye ada ambayo mkopo haukuifikia. Chuo hakina mizani ya kupima imani yako. Mwenendo wako kinayo namna ya kuupima: umeandikwa kwenye kijitabu cha kanuni, na siku ya usajili utausaini. Ukaguzi wako uanzie kwenye kijitabu hicho.

Chuo ni cha nani?

“Cha Kikatoliki” ni neno pana. SAUT ya Nyegezi, Mwanza, ni ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na ndivyo ilivyo pia kwa RUCU ya Iringa, MWECAU ya Moshi na chuo cha afya cha CUHAS kilichopo Bugando. CUEA, pale Lang'ata jijini Nairobi, ni ya maaskofu wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kilichopo Nkozi, kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka, kilifunguliwa mwaka 1993 na ni cha maaskofu wa Uganda. Vyuo vya namna hii vimejaa wanafunzi wa kila aina. Wakatoliki wapo, Walutheri wapo, Waislamu wapo, na wapo ambao kanisani walionekana mara ya mwisho kwenye harusi ya binamu.

Vile vilivyoanzishwa na mashirika ya kitawa vina hewa tofauti kidogo. Jordan ya Morogoro ni ya Wasalvatoriani, na Tangaza ya Nairobi imejengwa na mashirika mengi kwa pamoja. Huko utakaa dawati moja na mafrateri (vijana wanaosomea upadri) na masista, na mijadala ya darasani itakuwa na harufu ya falsafa hata pale usipoitarajia. Kwa mtu anayependa kubishana kwa hoja, hiyo ni faida. Strathmore nayo ina njia yake. Ilianza mwaka 1961, haiko chini ya maaskofu, na malezi yake ya kiroho yamekabidhiwa Opus Dei, taasisi ya Kanisa Katoliki. Usitarajie kukimbizwa kanisani pale, ila mavazi na saa huwa hawana mzaha navyo.

Kwa hiyo ukiuliza, usiulize “ni wa dini sana?” Kila mtu atakujibu kwa kipimo chake. Uliza mmiliki ni nani, hosteli zinasimamiwa na nani, na kozi zipi ni za lazima kwa wanafunzi wote.

Sheria inasemaje

Waraka unaoviongoza vyuo hivi duniani kote ni *Ex corde Ecclesiae*, uliotolewa na Papa Yohane Paulo II tarehe 15 Agosti 1990. Una pande mbili, na inafaa uzijue zote. Upande mmoja unataka mafundisho na nidhamu ya Kikatoliki viguse shughuli zote za chuo, lakini uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Upande wa pili unawataka wanafunzi wote watambue na kuheshimu utambulisho wa Kikatoliki wa chuo. Walimu na watawala wasio na dini wametajwa humo waziwazi, nao wanatakiwa hivyo hivyo. Maana yake, kuwapo kwa watu wa aina yako kulishafikiriwa.

Nje ya Kanisa, Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeingia ndani zaidi: mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake, wala asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Usizichukue ibara hizi kama fimbo, lakini. Haziondoi kanuni ya mavazi au saa ya kurudi hosteli ambayo umeisaini mwenyewe ukiwa na akili timamu.

Fomu na kile kisanduku cha “Dini/Dhehebu”

Kwa Tanzania, unaomba moja kwa moja kwenye chuo chenyewe. Sifa ya chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa aliyemaliza kidato cha sita ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0, kisha kila programu ina masharti yake kwenye kitabu cha mwongozo cha mwaka husika. Dini haimo kwenye hesabu hiyo. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unathibitisha kimoja kwa namba maalumu unayotumiwa kwenye simu au barua pepe. Hapo ndipo pa kutulia kwanza, kwa sababu wengi wanathibitisha usiku, kijitabu cha kanuni wanakuja kukisoma Novemba.

Kisanduku cha dini kipo kwenye fomu nyingi. Andika “Hakuna”. Kama mfumo wa mtandaoni unakataa, chagua “Nyingine” uendelee. Usiandike “Katoliki” ukidhani utapendelewa. Pointi haziongezeki, na jina lako linaweza kuishia kwenye orodha ya kapelani (padri mlezi wa chuo) na ya viongozi wa jumuiya. Wiki ya tatu mtu mwema kabisa atagonga mlango akuulize kwa nini hauonekani. Uongo huo una ubaya mwingine wa baadaye: ukiomba ufadhili wa jimbo au wa shirika la kitawa, utadaiwa cheti cha ubatizo na barua ya paroko wako, na huna.

Ikitokea fomu inataka barua ya utambulisho ya kiongozi wa dini, piga simu ofisi ya udahili kabla ya kujaza. Uliza hivi: “Mimi si muumini wa dhehebu lolote. Naweza kuleta barua ya mtendaji wa kijiji au ya mkuu wa shule?” Andika jina la aliyekujibu na tarehe.

Kozi za lazima: hapa ndipo watu wanapoanguka

Tegemea kozi kadhaa nje ya fani yako: falsafa, mantiki, maadili, falsafa juu ya mtu, na kwa baadhi ya vyuo Mafundisho Jamii ya Kanisa. Idadi na majina hutofautiana, kwa hiyo omba muundo wa programu, ule wenye krediti za kila muhula. Kwa Tanzania shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi. Ukiona kozi ya maadili ina krediti 8, ujue hizo ni saa 80 za kusikiliza, kusoma na kuandika. Inaingia kwenye GPA kama kozi nyingine yoyote, na ukifeli unakula sapu, yaani mtihani wa marudio, kama kawaida. Kupata sapu ya maadili ni aibu ya kipekee. Ukitaniwa nayo, utataniwa hadi mahafali.

Mtihani wa kozi hizi haukuulizi kama unaamini. Unauliza kama umeielewa hoja na unaweza kuifanyia kazi. Chukua kanuni ya auni, ambayo haikosekani kwenye Mafundisho Jamii. Inasema jambo linaloweza kufanywa na ngazi ya chini lisinyang'anywe na ngazi ya juu, na ngazi ya juu isaidie pale ya chini inapozidiwa. Sasa itazame kwenye mradi wa maji wa kijiji. Kamati ya kijiji inaweza kukusanya ada ya ndoo na kubadilisha koki iliyokufa. Halmashauri ikizoa makusanyo yote na kila koki ikasubiri fundi wa wilayani, kanuni imevunjwa. Pampu ikiungua, bei ikashinda uwezo wa kijiji, halmashauri ikakaa kimya kwa kisingizio kwamba “mradi ni wa wananchi”, kanuni imevunjwa vilevile, safari hii kwa upande wa pili. Mwanafunzi anayeandika hivyo anapata alama, awe anasali au hasali.

Wanaokosa alama ni wa aina mbili. Wa kwanza anaandika kurasa mbili kwamba dini ni hadithi za kale. Hakujibu swali. Wa pili anahubiri, akidhani padri anayesahihisha atafurahi. Naye hakujibu swali. Anza kwa kueleza hoja jinsi mwenyewe aliyeitoa angekubali kwamba umemwelewa, taja inatoka wapi, kisha ipinge au itetee. Kama hukusoma falsafa kabla, tafuta mapema maana ya hadhi ya mtu, manufaa ya wote, mshikamano na auni. Soma pia walau muhtasari wa *Rerum Novarum* ya mwaka 1891, inayohusu haki za wafanyakazi, na *Laudato si'* ya mwaka 2015, inayohusu mazingira. Anayesoma sheria, uchumi au maendeleo ya jamii atazitumia hata nje ya kozi hizo.

Jambo moja la mwaka wa mwisho: kama utafiti wako unagusa uzazi wa mpango au utoaji mimba, zungumza na msimamizi kabla ya kuandika pendekezo. Si kwamba haiwezekani. Kinachokwamisha ni kwamba kila ngazi itauliza maswali ya ziada, na aliyeanza Machi anajikuta Juni bado hajaenda kukusanya data.

Hosteli, mavazi na zahanati

Ukisoma kijitabu, nenda moja kwa moja kwenye sura za hosteli na nidhamu. Tafuta saa ya kufunga geti, wageni wa jinsia nyingine wanapokelewa wapi na mpaka saa ngapi, pombe, adhabu ya kulala nje bila ruhusa, na kinachosemwa kuhusu mimba. Hicho cha mwisho wengi wanakiruka, na ndicho kinachoweza kukuhamisha kutoka hosteli katikati ya muhula. Kama hutaki kuishi kwa kengele, panga geto nje. Lakini piga hesabu kwanza: kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, umeme wa luku, maji, na usalama wa njia usiku ukitoka kujisomea.

Mavazi: tarajia kukatazwa sketi fupi, nguo za kubana au kuonyesha mwili, kaptura, na kofia darasani. Mlinzi wa geti ndiye anayetafsiri kanuni saa moja na nusu asubuhi, na hakuna rufaa kabla ya kipindi cha saa mbili. Weka kitenge au koti jepesi kwenye begi.

Zahanati ya chuo, au hospitali ya jimbo iliyo jirani, itakupima malaria, itakupa rufaa, itakupima VVU na kukuanzishia matibabu. Kondomu, vidonge na sindano za kuzuia mimba usizitafute hapo. Wanafundisha njia za asili tu. Kituo cha afya cha serikali kinatoa huduma za uzazi wa mpango bila malipo kwa Tanzania, kwa hiyo wiki ya kwanza ujue kilicho karibu kiko wapi na daladala gani inafika. Anayesoma udaktari au uuguzi ana swali la ziada la kuuliza idarani: mafunzo ya vitendo ya uzazi wa mpango yanafanyikia kituo gani?

Misa utakazokutana nazo

Kwenda Misa ya Jumapili ni hiari yako. Kuna Misa za chuo, hata hivyo, ambazo zinasimamisha vipindi: ya kufungua mwaka wa masomo, ya somo wa chuo (mtakatifu msimamizi wake), na ya mahafali. Uliza kama mahudhurio yanachukuliwa. Mara nyingi hayachukuliwi, ila kama hotuba ya makamu mkuu wa chuo au utambulisho wa viongozi umewekwa mwishoni mwa Misa, kutokwenda kutakunyima taarifa.

Ukiamua kwenda, tenga saa mbili. Usikae upande wa benchi unaopakana na njia ya katikati. Kaa ule wa ukutani. Sababu ni ya kawaida tu: wakati wa Komunyo benchi zima linatoka kuelekea katikati, na aliyeziba njia huruka-rukwa na watu thelathini. Maji ya baraka mlangoni si lazima uyaguse. Simama wengine wanaposimama, hasa Injili inaposomwa. Kaa wakati wa masomo na mahubiri. Wanapopiga magoti wakati wa mageuzo, padri anapoweka wakfu mkate na divai, kukaa kwa utulivu kunatosha. Kutakiana amani ni kupeana mikono na jirani, mpe. Sadaka hukusanywa kwa watu kupanga foleni kwenda mbele, na asiyekwenda haandikwi popote.

Kwenye Komunyo, kaa. Usiingie foleni “kwa heshima” ukapokea ostia (mkate wa Komunyo), kwa kuwa kwa Wakatoliki hilo ndilo jambo zito kuliko yote ndani ya Misa, na wengi wao wenyewe hawapokei wasipojiweka sawa. Hutakuwa peke yako benchini. Ukijikuta umesukumwa mpaka mbele, kunja mikono kifuani. Padri atakubariki na utapita.

Salamu nazo zina adabu yake. Padri au sista akikuambia “Tumsifu Yesu Kristo”, jibu linalotarajiwa ni “Milele na milele, amina”. Kama halitoki moyoni, “Shikamoo Padri” inatosha kabisa na hakuna atakayekununia. Wa Nairobi watasema “Father” na maisha yanaendelea.

Watu wa chumbani

Atakayekufuata usiku kutaka kukuokoa huenda asiwe padri. Huwa ni mwanafunzi mwenzako, tena mara nyingi si Mkatoliki. Vyuoni kuna TMCS ya Wakatoliki, USCF na TAFES za Wakristo wengine, na jumuiya za Waislamu, na wiki za kwanza zote zinatafuta wanachama. Tayarisha sentensi moja isiyofungua mjadala: “Ahsante, mimi sisali, ila nawaheshimu.” Irudie hivyo hivyo. Ukianza kutoa sababu, umekubali mdahalo, na mdahalo wa saa tano usiku haumaliziki.

Maombi ya sauti saa kumi na moja alfajiri yazungumzeni wiki ya kwanza, kabla hayajawa desturi. Pendekeza saa za ukimya chumbani, mathalani saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na anayeomba kwa sauti aende kanisa la chuo, ambalo mara nyingi huwa limeshafunguliwa. Likishindikana, mpelekee msimamizi wa hosteli kama suala la kelele. Ukilipeleka kama suala la dini, litageuka kesi yako.

Na jinsi ya kujieleza? Kwa wengi hapa kwetu, asiye na dini huhesabiwa karibu na mwanachama wa Freemason. Huna deni la kumweleza kila mtu. Urafiki wa kudumu utaupata kwenye mdahalo, timu ya mpira, serikali ya wanafunzi, au kikundi cha kujisomea cha watu watano wanaofika kwa wakati.

Ada

Mwenye mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asome kipengele cha ada kwenye mgao wake, kisha akiweke kando ya ada halisi ya chuo. Tofauti ni yako, na bumu la chakula na malazi haliwezi kuziba pengo hilo huku ukila. Omba orodha kamili ya malipo: usajili, mitihani, serikali ya wanafunzi, bima, na ile shilingi 20,000 ya udhibiti ubora ya TCU kila mwaka. Uliza awamu ni ngapi na ya mwisho inadaiwa lini, kwani kwa vyuo binafsi asiyemaliza ada huzuiwa mtihani, hata awe kinara wa kwaya.

Mambo yakiharibika

Ukishurutishwa jambo la ibada, andika barua fupi kwa Mshauri wa Wanafunzi. Taja tarehe, mahali, ulichoambiwa, kipengele cha kijitabu unachokitegemea, na unachoomba. Ombi liwe dogo na linalotekelezeka: “Naomba nisiwekwe kwenye zamu ya kuongoza sala bwenini, nipo tayari kufanya zamu ya usafi badala yake.” Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, nenda kwa serikali ya wanafunzi, kisha uongozi wa juu. TCU, au Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa Kenya, ni mlango wa mwisho, nao watakuuliza kwanza kama uliyafanya hayo.

Ukiona heri uhame, fuata dirisha la uhamisho, hakikisha unakidhi sifa za programu ya kule uendako, na mwenye mkopo aombe pia uhamisho wa mkopo. Anayehama kimyakimya hukuta bumu lake limebaki chuo cha zamani.

Mahafali nayo yana ratiba mbili, ya Misa ya shukrani na ya kutunukiwa shahada. Joho linachukuliwa siku kadhaa kabla, kwa fomu ya kutodaiwa iliyosainiwa na maktaba, hosteli na uhasibu. Wazazi wanaotoka mbali wapewe saa zote mbili, maana kuna mama atakayetaka kuiwahi Misa hata kama mwanawe atafika ukumbini tu.